Bobby, Shahidi wa Duncan

Kitanda kilikuwa cha chuma, na springi yake moja ilikuwa imechomoza mahali pa kulalia. Bobby Charlton ndio kwanza alikuwa amewasili kambi ya jeshi ya Nesscliffe, karibu na mji wa Shrewsbury nchini Uingereza. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1950, wakati vijana wa huko walipolazimika kulitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Aliyempokea alikuwa Duncan Edwards, mwenzake wa Manchester United aliyetangulia kambini. Edwards alikitazama kile kitanda, akaona hakimfai rafiki yake, akakitupia begani, chuma na godoro lake, akatoka nacho kwenda kutafuta kingine.

Jambo kama hilo haliandikwi kwenye takwimu za soka. Limetufikia kwa sababu Charlton alikuwa bado analisimulia miaka 50 baada ya Edwards kuzikwa akiwa na umri wa miaka 21.

Mashabiki wanaojazana kwenye vibanda umiza vya Mbagala au Kawangware wakiwa na jezi nyekundu, wengi wao wanamjua Charlton: bingwa wa dunia wa mwaka 1966, mabao 249 katika mechi 758 za United, mzee aliyeonyeshwa na kamera jukwaani kila mechi kubwa. Edwards wanamjua kwa jina tu, kama mmoja wa waliokufa katika ajali ya ndege ya Munich. Lakini Charlton mwenyewe alisema kwa miaka yote kwamba Edwards ndiye mchezaji pekee aliyemfanya ajione mdogo uwanjani. Na hapo ndipo penye hadithi, maana dunia imelazimika kumwamini kwa maneno yake.

Mpira wa ujanani hauna maktaba. Aliyewahi kuvaa jezi ya shule anaelewa: hakuna kamera, hakuna anayehesabu pasi, na matokeo yenyewe huandikwa ubaoni kisha yakafutwa kesho yake kipindi cha hesabu kinapoanza. Kumbukumbu yote wanayo wale kumi waliokuwa uwanjani pamoja nawe. Mmoja akifa, waliobaki ndio watakaosema alikuwa nani kabla hajawa mtu mzima mwenye kazi, mke na madeni.

Edwards alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1936 na kukulia Dudley, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Shuleni alikuwa hodari wa mambo mawili ambayo hayakai pamoja kirahisi: mpira, na ngoma za jadi za Kiingereza. Siku moja mambo hayo mawili yaligongana. Aliteuliwa kwenda kwenye tamasha la taifa la ngoma hizo, na wakati huohuo akaitwa kwenye majaribio ya timu ya wanafunzi walio chini ya miaka 14. Akachagua mpira. Tarehe 1 Aprili 1950, akiwa na miaka 13, alicheza Wembley dhidi ya wanafunzi wa Wales, na muda si mrefu akapewa unahodha wa timu ya wanafunzi wa Uingereza, akaushika kwa misimu miwili.

Charlton alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja. Alitoka Ashington, mji wa wachimba makaa ya mawe kaskazini-mashariki mwa nchi, na baba yake alikuwa mmoja wao. Naye aliichezea timu ya taifa ya wanafunzi. United ilimchukua Edwards mwaka 1952 na Charlton mwaka 1953, wote wakiwa wavulana ambao leo tungewaita wa kidato cha tatu au cha nne.

Mama yake Charlton hakuuamini mpira. Alitoka ukoo wa wachezaji, akijua fika jinsi mguu mmoja uliovunjika unavyomaliza maisha ya kazi. Akataka mwanawe aendelee na shule, kwa hiyo Bobby akaandikishwa sekondari moja ya Stretford, jirani na uwanja wa Old Trafford. Haikuchukua muda shule nayo ikamtaka achezee timu yake siku za Jumamosi, siku ileile ambayo vijana wa United walikuwa na mechi. Bobby akaacha shule, akaenda kuwa mwanagenzi wa ufundi umeme. Edwards naye alikuwa anajifunza useremala, asije akaishia mikono mitupu mpira ukimkataa. Kwa hiyo kikosi cha vijana kilichokuja kutikisa Ulaya kilikuwa, kwa siku za kazi, kundi la mafundi wanagenzi wenye chakula cha mchana mfukoni.

Shirikisho la soka la huko lilianzisha Kombe la Vijana katika msimu wa 1952/53, na United ikalibeba mara tano za kwanza mfululizo. Katika baadhi ya vikosi hivyo Edwards na Charlton walicheza pamoja. Kisa kinachosimuliwa zaidi cha siku zile kinamhusu Jimmy Murphy, msaidizi wa kocha Matt Busby, ambaye ndiye hasa aliyewalea vijana. Murphy aliudhika kuona kila mwenye mpira anamtafuta Duncan. Kabla ya mechi moja akawaonya: leo chezeni wenyewe, msimtegemee yeye. Wakaenda mapumziko wakiwa wamefungwa. Murphy akaingia chumbani, akawauliza kama wanakumbuka alichowaambia kuhusu Duncan, kisha akawaambia wasahau hayo, wampe mpira. Wakashinda.

Alikuwa mchezaji wa namna gani basi? Alivaa namba sita, na mpenzi wa soka wa Dar es Salaam au Mombasa atadhani ameelewa: kiungo mkabaji, mtu wa kuvunja mashambulizi. Edwards alikaba kweli, lakini pia alipiga mashuti ya mbali, alitumia miguu yote miwili, na Busby aliweza kumweka nyuma kama beki au mbele kama mshambuliaji, mechi ikaendelea vilevile. Alicheza ligi kuu ya Uingereza akiwa na miaka 16. Timu ya taifa ya wakubwa ilimwita akiwa na miaka 18, mwezi Aprili 1955, siku ambayo Scotland ilichapwa 7-2. Mei 1956 alifunga Berlin kwa shuti lililowafanya Wajerumani wampachike jina la mlio wa bomu. Alifikisha mechi 18 za taifa na mabao matano. Kwa kuwa jeshi nalo lilimtaka kwenye timu zake, kuna msimu mmoja aliocheza karibu mechi mia moja. Daktari wa timu wa leo angesikia hivyo angeomba uhamisho.

Nje ya uwanja hakuwa na makuu. Alipenda kuvua samaki, kucheza karata na kwenda sinema. Kosa lake linalojulikana ni kuendesha baiskeli usiku bila taa: polisi wakamkamata, mahakama ikampiga faini, na klabu nayo ikamkata mshahara. Nyota wa timu ya taifa, kwenye baiskeli.

Tarehe 5 Februari 1958 United ilitoka sare ya 3-3 na Red Star mjini Belgrade, ikafuzu nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Kesho yake ndege ya kuwarudisha nyumbani ilitua Munich kujaza mafuta. Theluji iliyokuwa ikiyeyuka ilitanda kwenye njia ya kurukia. Marubani walijaribu kuruka mara mbili wakaghairi. Wakati wakisubiri jaribio la tatu, Charlton na Dennis Viollet walibadilishana viti na Tommy Taylor na David Pegg, walioona nyuma ndiko kwenye usalama zaidi. Safari hii ndege ilikimbia hadi mwisho wa njia bila kupaa, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Kati ya watu 44 waliokuwemo, 23 walipoteza maisha, wanane wakiwa wachezaji. Taylor na Pegg walikuwa miongoni mwao. Charlton alirushwa nje akiwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti.

Edwards alifikishwa hospitali ya Rechts der Isar akiwa hai, miguu na mbavu zimevunjika, figo zimeharibika. Madaktari waliagiza mashine ya kumsaidia kusafisha damu. Murphy, ambaye hakuwa safarini kwa sababu siku ya mechi ya Belgrade alikuwa Cardiff akiiongoza timu ya taifa ya Wales, alikwenda kumwona. Edwards akamuuliza mechi na Wolves inaanza saa ngapi. Charlton, aliyekuwa na jeraha dogo la kichwa, alipoanza kutembea alimfuata wodini, na kwa simulizi yake mwenyewe alipokewa kwa utani mkali: mwenzake alimuuliza alikuwa wapi siku zote, maana alikuwa anamsubiri.

Charlton aliruhusiwa, akarudi kwa wazazi wake Ashington. Huko ndiko habari zilikomfikia. Duncan alifariki tarehe 21 Februari, siku 15 baada ya ajali.

United ilikuwa imeshaanza kucheza tena. Siku mbili kabla ya kifo hicho ilikutana na Sheffield Wednesday, na jarida la mechi likauzwa likiwa na nafasi 11 tupu pale ambapo majina ya wachezaji wa nyumbani yangekaa, kwa kuwa wakati wa kulichapisha hakuna aliyejua nani angecheza. Edwards akazikwa Dudley. Zaidi ya watu 5,000 walisimama barabarani jeneza likipita. Kaburi lake ni lilelile alimozikwa dada yake mdogo, aliyefariki akiwa mchanga mwaka 1947.

Sasa turudi kwenye suala la ushahidi.

Mwaka 1958 televisheni ya Uingereza ilionyesha mechi chache tu moja kwa moja, kama fainali ya Kombe la FA na baadhi ya mechi za taifa. Kipindi cha kila wiki cha mechi za ligi, Match of the Day, kilianza Agosti 1964. Kwa hiyo kijana aliyecheza mechi 177 za United ameacha picha za video ambazo mtu anaweza kuzitazama zote huku anasubiri chai ichemke. Wanaotaka kujua kama kweli alikuwa bora wanabaki na magazeti, na wanabaki na Charlton.

Hapa msomaji makini ana haki ya kutilia shaka. Marehemu hasemwi vibaya, na marehemu aliyekufa kijana huzidi kukua kila anaposimuliwa. Pasi aliyopoteza inasahaulika. Lile shuti lililogonga mwamba linageuka kuwa bao. Kila timu ya shule ina marehemu mmoja ambaye, kwa maneno ya wenzake, angefika Ulaya. Kwa nini Charlton asiwe amefanya hivyohivyo?

Jibu la kwanza ni kwamba alikuwa na vipimo ambavyo wengi hawana. Alicheza timu moja na George Best na Denis Law. Alikutana uwanjani na Alfredo Di Stéfano, na mwaka 1968 alimfunga Eusébio na Benfica yake katika fainali ya Ulaya. Mtu wa aina hiyo akisema fulani alikuwa juu yangu, hasemi kwa kutojua wengine. Jibu la pili liko kwenye simulizi zake zenyewe: hazimfanyi Duncan malaika. Ni za kitanda, utani wa wodini, Murphy anayelazimika kumeza maneno yake. Mtu anayetunga hutunga makubwa. Anayekumbuka hukumbuka springi ya kitanda.

Hata hivyo Charlton hakuwa mwepesi wa kuzungumza. Kaka yake Jack, aliyechukua naye Kombe la Dunia, alisema kwamba baada ya Munich mdogo wake alibadilika na tabasamu likapungua. Bobby alikiri kwamba swali la kwa nini yeye alipona lilimwandama. Usiku wa Mei 1968, baada ya kufunga mabao mawili na kuinua Kombe la Ulaya pale Wembley akiwa nahodha, hakushuka kwenye sherehe ya timu hotelini. Mwili uliishiwa nguvu, akabaki chumbani. Waliopona Munich na kuwa kwenye timu ya usiku ule walikuwa watatu tu: yeye, beki Bill Foulkes, na Busby benchi.

Kazi ya kumkumbuka Duncan aliifanya polepole, kwa miaka mingi. Katika kanisa la Mtakatifu Francis mjini Dudley kulikuwa tayari na dirisha la vioo vya rangi lenye sura ya Edwards, lililozinduliwa na Busby mwaka 1961. Mwaka 1999 mji huo ukasimamisha sanamu yake katikati ya soko, na waliofunua kitambaa walikuwa wawili: mama mzazi wa Duncan, na Charlton. Mama alikuwa amempoteza mwanawe kwa miaka 41. Rafiki naye alikuwa na umri wa miaka 62, karibu mara tatu ya umri ambao Duncan aliufikia. Mwaka 2007 Charlton alitoa kitabu kuhusu maisha yake United, na humo rafiki yake akapewa kurasa zake.

Kilitoka kwa wakati. Novemba 2020 familia ya Charlton ilitangaza kwamba mzee ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hakuwa peke yake: Jack alikuwa nao alipofariki Julai mwaka huohuo, na Nobby Stiles, mwenzao wa 1966, aliondoka nao mwezi Oktoba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliotolewa mwaka 2019 uliwalinganisha wachezaji wa zamani wa Scotland na watu wengine wa umri wao, ukakuta kwamba wachezaji walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya ubongo ya aina hiyo. Wataalamu wananyooshea kidole miaka ya kupiga mpira kwa kichwa. Mpira uleule uliowapa cha kukumbuka ndio unaoshukiwa kuwanyang'anya kumbukumbu. Charlton alifariki tarehe 21 Oktoba 2023 akiwa na miaka 86.

Kuna watakaosema hayo ni ya zamani, siku hizi kila kitu kimerekodiwa. Mfano wa Sevilla unaonyesha kwamba kamera haimalizi kazi.

Antonio Puerta na Sergio Ramos walikulia katika shule ya soka ya klabu ya Sevilla, kusini mwa Hispania, pamoja na Jesús Navas. Puerta, beki wa kushoto mwenye krosi tamu, alifunga mwezi Aprili 2006 bao la dakika za nyongeza dhidi ya Schalke lililoipeleka Sevilla kwenye fainali yake ya kwanza ya Ulaya. Tarehe 25 Agosti 2007, katika mechi na Getafe, alianguka golini kwake. Aliinuka, akatembea hadi chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka tena. Alifariki siku tatu baadaye akiwa na miaka 22 kutokana na ugonjwa wa misuli ya moyo ambao mtu huweza kuishi nao bila kujua, hadi mazoezi makali yaufichue. Mwenzi wake alikuwa mjamzito; mtoto wa kiume alizaliwa miezi michache baadaye.

Kila sekunde ya kuanguka kwake ipo kwenye video. Bao la Schalke lipo. Hata hivyo, ilipofika fainali ya mataifa ya Ulaya mwaka 2008 mjini Vienna, Ramos, akiichezea Hispania, alipokea medali yake akiwa amevaa fulana yenye sura ya Puerta, na kwa miaka mingi timu ya taifa ilimwona akivaa namba 15, ile ambayo Puerta aliivaa katika mechi yake pekee ya Hispania. Klabuni Puerta alivaa 16. Sevilla ilitaka kuistaafisha, lakini kanuni za ligi ya Hispania zinataka namba zote kuanzia 1 hadi 25 zitumike, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba atakayeivaa lazima awe amelelewa na klabu. Baadaye ikamwangukia Navas, mtoto wa shule ileile, na akaivaa hadi alipostaafu. Mashabiki nao huimba jina la Puerta kila mechi inapofika dakika ya 16.

Tofauti na Edwards, hakuna anayebishana kuhusu uwezo wa Puerta. Video ipo, kila mtu aamue. Walichobeba Ramos na Navas ni kitu kingine: yule mvulana waliyepanda naye basi la timu ya watoto. Hicho hakikurekodiwa Sevilla pia.

Na huku kwetu? Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, nchini Tanzania yametoa vizazi vya wachezaji. Kuna shule ambazo majina yake peke yake yalitisha wapinzani: Makongo ya Dar es Salaam, Kakamega ya Kenya na Green Commandos wake. Ila kwa kila kijana aliyetoka huko akafika Simba, Gor Mahia au timu ya taifa, kuna wengi ambao mpira wao uliishia siku ya mahafali. Wakawa walimu, askari, madereva wa malori, wafanyabiashara wa mbao. Mechi nyingi walizocheza hazina video, na picha ni ile moja ya pamoja, safu ya mbele wamechuchumaa, kipa kashika mpira, jezi zimepauka kwa kurithiwa kidato hadi kidato.

Msiba wa mmoja wao ukitokea, kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, ambalo kwa miezi lilikuwa la vichekesho na salamu za Ijumaa, hugeuka ofisi ndani ya saa moja. Mweka hazina anateuliwa, namba ya kutuma rambirambi inabandikwa juu, orodha ya waliochanga inazunguka, na wasiochanga wanakumbushwa bila aibu. Wengine wanapanga gari la kwenda mazikoni. Katika haya Waswahili hawahitaji kufundishwa na Dudley wala Sevilla. Msiba una utaratibu wake na kila mtu anajua nafasi yake.

Kisha, usiku wa matanga, watu wakiwa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, mmoja anaanza. Mnakumbuka ile fainali ya kanda? Mwingine anadakia kwamba haikuwa fainali, ilikuwa nusu. Wa tatu anaapa kwamba tobo lile alipigwa kiranja wa shule pinzani, tena mbele ya mabinti wa shule ya jirani, na refa mwenyewe akacheka. Wanabishana jezi ilikuwa ya rangi gani. Nani alikosa penalti? Mwenyewe yupo pale, amenyamaza, anatazama kikombe chake cha chai. Watoto wa marehemu wanasikiliza kwa macho makubwa, maana baba wanayemjua wao alikuwa mtu wa kudai ripoti ya shule na kuzima taa saa nne. Hawakujua kama alikuwa na chenga. Wala hawakujua kwamba aliwahi kutoroka bweni kwenda kucheza ndondo ya mbuzi, akarudi na mguu umevimba na kipande cha nyama ya kuwanyamazisha wenzake.

Matanga yakianuliwa, mara nyingi na hayo yanaanuliwa pamoja nayo. Baadhi ya waliosoma pamoja huandaa bonanza baada ya mwaka, maveterani dhidi ya wanafunzi wa sasa, kombe likipewa jina la marehemu na mapato yakienda kwenye ada za wanawe. Ni jambo jema, na wanafunzi hufurahi kuwafunga wazee wenye vitambi mabao sita. Lakini kombe lina jina tu. Mwanafunzi anayelinyanyua hajui kama mwenye jina alikuwa kipa au winga.

Gharama ya kurekebisha hilo ni ndogo kuliko ya turubai. Simu iliyorekodi hotuba ya mchungaji au dua ya shekhe inaweza kurekodi pia ubishi wa ile nusu fainali, na kadiri wabishi wanavyokuwa wengi ndivyo ukweli unavyosogea. Picha ya pamoja inaweza kuandikwa majina na namba nyuma yake angali hai mtu anayemtambua yule wa tatu kutoka kushoto. Na mwalimu wa michezo, kama bado yupo, ndiye wa kufuatwa mapema zaidi. Wengi wa walimu hao wamestaafu, wako vijijini kwao wanafuga kuku na kulima, na si ajabu kukuta kabatini daftari la mistari lenye vikosi vya miaka ile, nani alianza, nani aliingia kipindi cha pili, na nani aliachwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu.